Wifi amenilipia pilingi ya uso, na harusi imebaki wiki saba

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Chake Chake, nafundisha skuli ya msingi hapa hapa Pemba. Inshaallah naolewa Mfunguo Pili, zimebaki wiki saba. Mchumba wangu ni mtu wa Unguja na shughuli itakuwa kwao, kwa hiyo wiki tatu za mwisho nitakaa kwa mama mdogo Mwanakwerekwe, niwekwe ndani na kufanyiwa mambo ya mwari.

Shida yangu ni uso. Nilipokuwa chuo nilitoka chunusi nyingi, zikaacha madoa. Rafiki yangu akanipa mkorogo, unauzwa ndani ya kikopo kisichokuwa na jina. Miezi ya mwanzo nilitakata, kila mtu akanisifu, nikaanza kuupaka na mikononi na shingoni. Sasa huu mwaka wa tatu. Nikiacha siku nne uso unawasha, unaiva wekundu na kutoka vipele; nikipaka unatulia. Nikikaa mbele ya jiko la mkaa nahisi unachomwa. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, havifanani na mkono. Na juu ya mifupa ya mashavu pameingia weusi mwengine, wa kijivu unaokaribia buluu, ambao kadiri ninavyopaka ndivyo unavyozidi.

Hakuna anayejua, hata mama. Mchumba alinijua tayari niko hivi.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mchumba, ananipenda kweli. Aliona mabaka kwenye picha za posa, akaamua kunipa zawadi: amelipa shilingi 300,000 kwa mtu anayekuja nyumbani kufanya pilingi. Nitafanyiwa mara tatu, kila wiki mara moja, ya mwisho siku kumi kabla ya harusi. Amenitumia picha ya chupa, imeandikwa TCA 35%. Anasema ngozi ya zamani itababuka yote na nitatoka mpya. Somo wangu, mama anayenifunda kwa ajili ya ndoa, kasikia, kaghadhibika. Amesema mwari husingwa kwa singo na liwa, hapakwi tindikali, na kwamba yeye atanisugua singo siku saba, uso na mwili, na madoa yatatoka.

Nimebaki katikati. Nikimkatalia wifi nitaonekana sina shukurani hata sijaingia nyumbani kwao. Nikikubali, naogopa. Na nikieleza kwa nini naogopa, siri yangu imetoka. Je, hii pilingi inafaa? Na kama si hii, ipo itakayonifaa?

Mwari wa Chake


Wa alaykum salaam mwanangu,

Nakupa hitimisho mwanzo, ili hata ukiishia hapa uwe umelipata: usikubali chupa ile iguse uso wako. Si wiki hii, si siku kumi kabla ya harusi, wala mara moja tu ya kumridhisha wifi.

Mimi si daktari na siwezi kukupima kwa barua. Lakini barua yako imenieleza mengi kuliko ulivyokusudia, na karibu yote hayahusu pilingi. Yanahusu kile kikopo. Nitaanza na pilingi kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza.

Pilingi ni kuijeruhi ngozi kwa makusudi na kwa kipimo. Anayejua kazi hupaka tindikali maalumu, ngozi ya juu ikafa na kubabuka, na ile iliyo chini ikaumbika upya. Si uchawi na si jambo la jana. Daktari wa Kijerumani, Paul Gerson Unna, aliandika kuhusu dawa hizi mwaka 1882, na zile alizozitaja, TCA (asidi ya trikloroasetiki) ikiwa mojawapo, bado zinatumika. Kwa mikono mizuri zimewasaidia wengi wenye chunusi, madoa, hata mabaka ya uzazi. Kwa hiyo sitakwambia kuwa ni ushetani. Nitakwambia kwamba jambo zima liko kwenye kina cha jeraha.

Zipo za juu juu. Asidi ya glaikoliki hulegeza kile kinachogandisha seli zilizokufa, zikaachia. Asidi ya salisiliki huyeyuka ndani ya mafuta, kwa hiyo huingia kwenye vitundu vya chunusi na kuvisafisha. Hizi hazivuki tabaka la juu la ngozi. Kisha zipo za kina cha kati, na hapo ndipo ilipo chupa ya wifi yako. TCA ya asilimia 35 huigandisha protini ya ngozi. Umewahi kuona ute wa yai unavyogeuka mweupe ukikutana na kikaango? Uso nao hufanya hivyo hivyo, huingia weupe kama wa chumvi mbele ya macho ya anayepaka, na yeye ndiye anayetakiwa kuusoma weupe ule na kujua sasa basi. Tena namba ya kwenye chupa haisemi yote. Mara ngapi amepitisha pamba, amekandamiza kiasi gani, ngozi ina unene gani, vyote vinaipeleka chini zaidi. Zile za chini kabisa, za fenoli, zinaweza hata kuuvuruga mwendo wa moyo. Hizo hufanywa hospitali, mgonjwa akiwa amefungwa mashine ya kusoma moyo.

Sasa fikiria ngozi zetu. Kwenye sakafu ya tabaka la juu zimekaa seli zinazotengeneza rangi, na kwa sisi watu weusi ni nyepesi kughadhibika. Ukizijeruhi, hujibu kwa kumwaga rangi zaidi. Ndiyo maana hata chunusi moja au kuumwa na mbu hutuachia doa la miezi. Kwa sababu hiyo madaktari wanaotibu ngozi nyeusi hubaki zaidi na pilingi za juu juu, na hiyo ya kina cha kati huiogopa, kwani unaweza kuingia na doa dogo ukatoka na shavu zima jeusi. Na jeraha likienda mbali zaidi likaziua seli zile, pale hubaki peupe, na peupe pale huenda pasirudi tena. Kwa wenye asili ya makovu yanayovimba ni balaa jengine. Halafu kurudia TCA ya nguvu ile kila wiki, mara tatu! Jeraha la kwanza halijafunga, la pili linaingia juu yake. Mtu anayepanga ratiba hiyo hajui alichoshika mkononi.

Na si kwetu tu watu wanauziwa chupa hizi kiholela. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa wananchi wake, wasinunue tindikali kali za pilingi mitandaoni na kujipaka bila mtaalamu wa afya, kwa sababu watu waliungua.

Nije kwenye kikopo.

Uso unaowasha na kuiva ukiacha kupaka, kisha ukatulia ukirudi, unanuka steroidi. Ni dawa kama klobetasoli au betamethasoni, dawa halali za hospitali kwa magonjwa ya ngozi, hutolewa kwa muda na kwa sehemu maalumu. Ndani ya mkorogo hutiwa kwa sababu huipausha rangi na kuficha kila muwasho. Ukizipaka miaka, ngozi hukonda. Jiko la mkaa halijabadilika, mwanangu. Ngozi yako ndiyo imebaki kama karatasi. Vifundo vyeusi kila mtu mtaani anavijua maana yake, hata kama huku kwenu hakuna aliyekutamkia. Na ule weusi wa kijivu wenye ubuluu, unaozidi kadiri unavyopaka, ndio ulionishtua zaidi. Haidrokwinoni, dawa ya kupausha rangi ambayo nayo hutiwa kwenye mikorogo, ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa namna hiyo, madaktari huuita okronosisi, na ni mgumu kutoka. Daktari akikuangalia atajua kama ndio au siyo. Kama ndio, pilingi isiyo ya mtaalamu huweza kuukoleza.

Sasa weka hayo mawili pamoja: ngozi iliyokonda, na tindikali ambayo kwa ngozi nzima tu hufika kina cha kati. Kwako itafika wapi? Yule mtu anayekuja nyumbani alikuuliza unapaka nini? Wifi hajui, basi naye hajui. Anayejua kazi huuliza kabla ya kufungua chupa: unatumia krimu gani, una mimba, umewahi kumeza vidonge vya isotretinoini vya chunusi, makovu yako huvimba, hutoka vipele vya homa mdomoni. Hilo la mwisho watu hulipuuza, na virusi vile vikiamka juu ya uso uliobabuliwa husambaa kote. Kisha huandaa ngozi wiki mbili hadi nne kabla, hujaribu kidogo nyuma ya sikio, akangoja. Huyu ameleta bei na tarehe.

Kuna jirani yangu, binti yake alifanyiwa wiki mbili kabla ya ndoa katika nyumba moja ya mjini. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa amelala chali hawezi kuweka shavu kwenye mto. Siku ya harusi picha zote alipigwa na mtandio umeshushwa, na watu wakadhani ni haya ya bibi harusi. Mama yake alikuwa anatabasamu huku anafuta macho. Sitaki kuketi tena kwenye chumba kama kile.

Kwenye kikopo kinaweza pia kuwemo zebaki. Sisemi imo, nasema kisichokuwa na jina hakikuambii. Zebaki hudhuru figo, hupita kwa mtoto aliye tumboni, na hata watu wa nyumba moja huipata kwa mataulo na kugusana. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na kwa hapa Zanzibar wenye dhamana ni Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Unaingia kwenye ndoa, na pengine mwaka ujao unalea. Hili ni kubwa kuliko picha.

Nini la kufanya? Wiki hii, kabla hata ya kufikiria Unguja, nenda hospitali hapo Chake na umwambie daktari kila kitu, pamoja na kwamba unapaka hadi shingo na mikono, na kwa muda gani. Usiache ghafla kwa ujasiri wako mwenyewe. Steroidi ikipakwa sehemu kubwa kwa miaka, mwili hupunguza kutengeneza ya kwake, na ukikata mara moja unaweza kulegea na kuumwa. Daktari ndiye atakayekupangia namna ya kushuka. Mwombe na rufaa ya daktari wa ngozi hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa kuwa Unguja unakwenda hata hivyo. Usinunue kikopo chengine, na mkorogo wa mtu mwengine usiuguse.

Sitakuficha: ukianza kushuka, uso unaweza kuchachamaa wiki za mwanzo, na wiki zako ni saba tu. Huenda siku ya harusi usiwe umetulia. Lakini mpambaji mzuri hufunika wekundu na mabaka, kazi yake ndiyo hiyo. Kidonda hakifunikiki.

Jua nalo. Tuko nyuzi tano, sita kusini ya Ikweta, miezi mingi ya mwaka kipimo cha miale yake hupita 11, na kuanzia 11 ndiyo daraja ya juu kabisa. Mabaka yoyote, kwa tiba yoyote, hurudi kama hujilindi. Tafuta mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, na ukiyapata yenye rangi ya hudhurungi ni bora zaidi, kwa kuwa ile rangi, oksidi ya chuma, huzuia pia mwanga wa kawaida unaoamsha mabaka kwenye ngozi nyeusi. Utasema unatawadha mara tano. Najua. Osha uso kabla ya udhu, paka tena ukishaswali adhuhuri na alasiri, na mtandio uvute mbele ukitoka skuli. Sabuni iwe laini, vaselini au mafuta yasiyo na manukato usiku. Ndimu usoni, kamwe! Maji yake na jua letu huunguza, na huacha alama nyeusi kama umemwagikiwa na kitu.

Somo wako ana haki kuhusu tindikali, namheshimu kwa hilo. Kuhusu singo la uso, hana haki, na umwambie kwa adabu. Singo lina karafuu, wewe mtu wa Pemba huna haja ya kufundishwa ukali wa karafuu, na lina chenga za kusugulia. Kwa ngozi yako ya sasa hilo nalo ni jeraha. Akusinge miguu na mgongo, akutie liwa, nyumba nzima inukie. Mikono na shingo, maadamu umevipaka mkorogo, avipitie kwa kiganja tu bila kusugua. Uso auachie maji ya waridi, na daktari akikataa hata hayo, basi.

Na huyo huyo somo ndiye mlango wako. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwetu somo ndiye kata: ameambiwa mazito kuliko mkorogo na akayazika. Mweke faragha umweleze yote. Kisha yeye ndiye azungumze na wifi, si wewe. Anaweza kusema, “Mwanangu ngozi yake ina tiba ya daktari, haiwezi kuchanganywa na dawa nyengine sasa.” Kila neno hapo ni kweli, na halimvunjii mtu heshima. Wewe mpigie wifi simu mwenyewe baadaye, umshukuru, umwambie zawadi yake umeipokea kwa moyo, na kama zile pesa zinarudi, ungependa zilipie mpambaji. Ndugu wa mume anayetoa laki tatu kwa ajili ya uso wako hakutaki ubaya. Mpe njia ya kukupenda isiyokuunguza.

Mchumba? Hapa sitakuamrisha. Lakini ukiacha mkorogo rangi yako itarudi, na itarudi mbele ya macho yake, ndani ya miezi michache ya ndoa. Mimi ningependa alisikie kutoka kwako kabla ya kuliona. Hujamuibia mtu kitu. Ulikuwa na miaka ishirini na tatu na chunusi, ukapewa kikopo na rafiki, na dunia nzima ikakusifu ulipoanza kujidhuru. Rangi uliyozaliwa nayo si mkosi wa kufichwa, na wewe kesho unarudi darasani kwa watoto wenye rangi hiyo hiyo, wanaokutazama kila siku.

Umeuliza kama ipo pilingi itakayokufaa. Huenda ipo, mwakani, ngozi ikishanenepa tena na daktari wa ngozi akiridhika kwamba ule weusi si okronosisi. Itakuwa ya juu juu, salisiliki ya asilimia 20 au 30, au glaikoliki ya kiasi iliyokaa dakika chache kisha ikazimwa. Hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, mara nne mpaka sita. Hesabu mwenyewe, pamoja na zile wiki za kuandaa ngozi, uone kama hiyo ingeingia ndani ya wiki saba hata kwa mwenye ngozi nzima. Uso hautoki mpya kama nguo ya dukani. Hutoka taratibu, na mara nyengine hautoki wote.

Iwapo barua hii itakuchelewa na wakawa wamekupaka, osha kwa maji mengi yanayotiririka, ufumbe macho, kisha hospitali moja kwa moja. Usipake asali, wala dawa ya meno, wala usibandue ngozi kwa mkono.

Kile kikopo usikitupe. Kifunge ndani ya mfuko na vyote ulivyowahi kuvichanganya, hata vilivyokwisha, uende navyo kwa daktari. Na ukirudi niandikie amekwambia nini kuhusu ule weusi wa mashavuni.

Shangazi yako